Nguvu farasi 34 zanitosha: uzi wa wapenda magari makuukuu, Malindi na pwani yote

GiaYaTatu (mwanzisha uzi)

Salamu wanajamvi. Kila uzi wa magari unaofunguliwa humu huishia pale pale: lina sisi ngapi (yaani ukubwa wa injini), lina taabo, linashika mia kwa sekunde ngapi. Leo naomba tuzungumze habari ya magari yasiyo na nguvu, yaliyokula chumvi, na utamu wake kwa anayeyaendesha. Sisemi magari ya maonyesho yanayofunikwa turubai wiki nzima. Nasema gari la kuendea sokoni na kazini.

Langu ni Renault 4, ile ambayo hapa Kenya ilijulikana kama Roho. Ni toleo la GTL: sisi 1108, nguvu farasi 34, gia nne, kabureta moja, na uzito wake haufiki kilo 750. Halina kompyuta, halina pawa stiringi, halina eisi ya kupoza hewa. Naliendesha hapa Malindi mjini, Watamu, Mambrui, na Mombasa ninapokuwa na shughuli. Nimeshika usukani wa magari ya watu yenye nguvu mara nne ya hili, na nikishuka sina la kusimulia. Nikishuka kwenye hili nina habari.

Kwa wasiolijua, niwaonyeshe vitu viwili tu. Mkono wa gia hautoki sakafuni, unatoka katikati ya dashibodi na umejikunja kama mpini wa mwavuli. Unausukuma, unauvuta, unauzungusha kidogo. Sababu ni kwamba giaboksi imekaa mbele ya injini, kwa hiyo fimbo hupita juu ya injini nzima ndipo ifike kwake. Cha pili: chukua futi, pima kutoka kitovu cha tairi la mbele hadi la nyuma upande wa kulia, kisha upime kushoto. Hazilingani, zinapishana karibu sentimita 5, na ndivyo lilivyotoka kiwandani. Springi zake za nyuma ni vyuma virefu vinavyojipinda, vimelazwa kukingama chini ya sakafu. Kila tairi lina chake na viwili haviwezi kukaa mahali pamoja, basi waliweka kimoja nyuma ya mwenziwe na tairi zikafuata. Ukiendesha husikii tofauti yoyote. Unachosikia ni gari linalopita kwenye mashimo ya barabara ya Marafa bila kukupigisha kichwa kwenye dari.

Sasa raha yenyewe. Nguvu zikiwa chache, unazitumia zote. Mwenye gari la nguvu farasi 200 hapa kwetu hatumii hata robo yake. Akigusa mafuta keshafika 100, sheria haimruhusu kuzidi hapo, na mbele yake kuna tuktuk. Mimi natoka mzunguko na gia ya pili, navuta mpaka injini iimbe, naingiza ya tatu, nakanyaga mpaka mwisho, na bado niko ndani ya 50 ya mjini. Nimeliendesha gari lote, kutoka tone la kwanza la petroli hadi la mwisho, na sijavunja sheria wala kumtisha mwenda kwa miguu.

Chukua barabara ya Mambrui. Unateremkia daraja la Sabaki, unavuka, halafu unapanda upande wa pili. Gari jipya halijui kama pale pana kupanda. Langu linajua. Ukikwama darajani nyuma ya lori linalorudi Gongoni kubeba chumvi, mwendo umekufa, utapanda na gia ya pili mpaka juu. Basi tangu ukiwa mbali unaanza hesabu: lori liko wapi, limeshavuka au bado, niachie mafuta sasa nilipe nafasi, ili nikifika chini liwe limeshashika mlima na njia yangu iwe nyeupe. Ukiipata hesabu sawa, unapanda na gia ya tatu bila kupungua, injini imejaa, na moyo umejaa pia. Hiyo ni dakika moja tu ya safari, na kila ninapokwenda naisubiri.

Halafu upepo. Mbele ya gari hili pamesimama wima, limekaa kiboksi. Msimu wa kusi, ukielekea Mombasa, upepo unakupiga usoni. Ndani ya msitu wa Arabuko Sokoke miti inakukinga, gia ya nne inakwenda vizuri. Ukitoka pale peupe unauona mshale wa mwendo unashuka wenyewe, na mguu uko chini vile vile. Kaskazi ikivuma, barabara ile ile unasukumwa mgongoni na mafuta yanabaki. Nimezaliwa na pepo hizi, baba yangu alikuwa mtu wa bahari, lakini mimi wa nchi kavu nimezijua vizuri kwa gari hili.

Leteni yenu. Mwenye Volkswagen, mwenye Corolla DX, mwenye Starlet, mwenye Datsun 1200 ya marehemu babu, karibuni.

Starlet_ya_Gede

Asante kwa uzi huu kaka. Mimi ni mwalimu, nina Toyota Starlet ya miaka ya tisini, sisi 1331. Najua kwa umri haijafikia la kwako, lakini naomba nafasi jamvini.

Nakubaliana nawe kuhusu kutumia nguvu zote, ila kwangu kuna jambo jingine, nalo ni masikio. Gari langu nalisikia. Asubuhi nikiliwasha najua kama plagi moja imechoka kabla sijafika barabarani, kwa namna linavyotikisika likiwa limesimama. Beringi ya tairi la kulia ilipoanza kufa niliisikia nikipita karibu na ukuta wa shule, maana ukuta unakurudishia sauti. Nikaenda kwa fundi nikamwambia ni ya mbele kulia. Alinyanyua jeki, akalizungusha tairi kwa mkono, akanitazama akasema, "Mwalimu, umejuaje?" Nilifurahi siku nzima.

Dada yangu ana gari jipya. Taa ikiwaka kwenye dashibodi analipeleka kwa mtu mwenye mashine ya kusoma, analipa, anaambiwa ni sensa. Wiki ya pili ni sensa nyingine. Simcheki, kila mtu na riziki yake, lakini mimi sitabadilishana naye.

Na mizigo! Madaftari ya darasa zima, ndoo mbili za maji, na mama mkwe. Tunafika.

Kasi_Kasi

Samahani wakuu, nami nitasema ukweli kwa sababu ni jambo la roho za watu. Barabara ya Mombasa–Malindi imeua wengi. Unatembea 75 kwenye njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, nyuma yako matatu na mabasi yana haraka. Unawalazimisha watu kuovateki pabaya. Na wewe mwenyewe ukitaka kupita lori unachukua muda gani? Gari halina eabegi, breki za kizamani, bodi ni bati. Ajali moja ndogo na habari imekwisha. Raha gani hiyo? Nguvu si anasa, nguvu inakutoa hatarini.

GiaYaTatu

Ndugu Kasi_Kasi, umesema jambo la haki na nitalijibu kwa urefu, maana mtu asiingie huku akidhani ni picha nzuri tu.

Kweli, bodi ni nyepesi, eabegi hakuna, na likigongwa na basi hakuna hadithi. Hilo siwezi kulipamba. Ndiyo maana nina masharti yangu na sitoki ndani yake. Usiku siendi njia kuu, kabisa. Watoto wadogo siwachukui Mombasa kwa gari hili, wanapanda basi na mama yao. Mikanda nimefunga mipya mbele na nyuma. Breki namwaga mafuta yake yote na kuweka mapya kila mwaka, kwa sababu mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu ya baharini ina unyevu wa kutosha. Yakishanyonya, ukikanyaga sana yanachemka na pedali inazama.

Tairi ndiyo habari kubwa kuliko zote. Wengi wenye magari ya zamani hutazama kashata tu, yaani yale meno ya tairi. Ikiwa bado ndefu wanaridhika. Tazama ubavuni, utaona tarakimu nne ndani ya kiduara: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari lisilotembea sana linaweza kuwa na kashata nzima na mpira umeshakuwa mkavu, na jua letu la Malindi halisamehi mpira. Tairi ya namna hiyo kwenye mvua ya Mei ni hatari kuliko ukosefu wa eabegi.

Kuhusu kuzuia watu: mwendo wangu wa 75 au 80 ndio mwendo wa basi na lori linalofuata sheria, kwa sababu magari ya abiria na ya mizigo mwisho wao ni 80. Nikiona kwenye kioo mtu ana haraka, naonyesha taa ya kushoto, nasogea, napunguza, anapita. Sishindani na mtu. Na kuovateki lori, mara nyingi siovateki. Natembea nyuma yake kwa nafasi kubwa mpaka lisimame lenyewe. Hapo ndipo tunapotofautiana mimi nawe. Kwako kubaki nyuma ya lori ni kushindwa. Kwangu mimi ni dakika kumi za kutazama msitu. Kwa mwendo huo unawaona nyani wa Arabuko Sokoke wamekaa kando kabla hawajaingia lami, unapunguza mapema, wanavuka.

Nguvu inaweza kumtoa mtu hatarini, nakubali. Lakini nguvu hiyo hiyo ndiyo humshawishi ajaribu. Mwenye farasi 34 hapati kishawishi.

Kasi_Kasi

Hapo kwenye tairi umenipa elimu. Nimetoka nje nikatazama za kwangu, mbili ni za 2016. Kesho nabadilisha. Kwa mengine bado nina msimamo wangu, lakini nakuheshimu.

Fundi_Maweni

Wakuu, mimi ni fundi hapa hapa Malindi, nilianza nikiwa kijana wa kushika taa na kupokeza spana. Uzi huu umenigusa kwa sababu magari haya ndiyo yaliyonifundisha kazi. Vijana wa sasa wanajua kubadilisha. Magari haya yanafundisha kutengeneza.

Naomba niwasaidie wenye kabureta na pointi, maana wengi wanakimbilia kuuza gari kwa tatizo la dakika ishirini.

Kwanza moto. Ndani ya distribyuta kuna pointi mbili ndogo zinazofunguka na kufunga kila silinda inapohitaji cheche. Zikiwa zimefunga, umeme unapita kwenye koili. Zikifunguka ghafla, nguvu iliyokusanyika kwenye koili inatoka kwa volti maelfu na kuruka kwenye plagi. Sasa kwenye hali yetu ya unyevu, hasa masika, ile nyuso ya pointi inashika uchafu na kuwa nyeusi, cheche inakuwa dhaifu, asubuhi gari linakataa. Watu wanasema betri. Si betri. Fungua kifuniko, kifute ndani na nje kwa kitambaa kikavu, pitisha msasa laini kati ya pointi, futa vumbi lake, kisha pima nafasi kwa fila geji. Kwa Renault hii ni kama milimita 0.4. Ukikuta pointi zimeungua vibaya tena na tena, usiendelee kuzinunua, badilisha kondensa, kile kikopo kidogo cha pembeni. Chenyewe ndicho kinachozuia cheche isirukie kwenye pointi.

Pili, ukimaliza kazi yoyote, toa plagi uzisome. Zikiwa rangi ya kahawia hafifu, mchanganyiko ni mzuri. Nyeusi zenye masizi makavu, petroli ni nyingi. Nyeupe, petroli ni chache na injini inachomeka, simama hapo hapo. Nyeusi zenye mafuta ya kunata, hiyo ni oili inapanda, ringi za pistoni au gaidi za valvu, yaani vile vijibomba ambamo valvu hupita. Plagi nne zinakwambia yote hayo bila mashine ya kusoma.

Tatu, lile la mchana wa Februari. Umetoka Watamu, umeegesha jua kali nje ya soko, unarudi, gari linazunguka halishiki. Petroli imechemka ndani ya pampu na bomba, imekuwa mvuke, na pampu haiwezi kusukuma mvuke. Usilichoshe stata. Fungua boneti, lowesha kitambaa maji, kiweke juu ya pampu ya petroli, nenda kanunue madafu. Ukirudi litawaka.

Nne, na hili nalisema kwa uchungu: msitie maji ya kisima kwenye rejeta. Visima vingi hapa mjini ni maji ya chumvi. Silinda hedi ya Renault hii ni ya aluminiamu, na chumvi inaila aluminiamu mpaka inatoboka. Gari lenyewe lilikuja na mfumo wa maji uliofungwa, lenye chupa yake ya akiba, wakati magari mengi ya rika lake yalikuwa ya kuongeza maji kila asubuhi. Waliotutengenezea hawakutaka uongezeongeze. Tia kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini, iache.

MwanaSabaki

Fundi swali. Nina Datsun 1200 ya marehemu mzee. Nimeambiwa haiwezi kudumu na petroli ya sasa kwa sababu haina risasi. Ni kweli au maneno ya gereji?

Fundi_Maweni

Kuna ukweli ndani yake. Zamani petroli ilikuwa na madini ya risasi, na nchi zetu za kusini mwa Sahara ziliiondoa kufikia mwisho wa mwaka 2005, kwa sababu inaharibu akili za watoto. Ilikuwa jambo la lazima na jema. Ile risasi ilikuwa ikiacha utando kwenye kiti cha valvu ya egzosi. Bila utando, injini yenye viti laini ikiendeshwa kwa kasi muda mrefu, valvu inajichimbia pole pole na nafasi ya tapeti, ule upenyo mdogo kati ya valvu na chuma kinachoisukuma, inapungua.

Lakini sikiliza. Jambo hili huja kwa mwendo mkali na joto kubwa. Mtu anayetembea 70 hapa na Mambrui huenda asilione miaka mingi. Wewe pima tapeti kila unapobadilisha oili. Ukikuta ya egzosi inazidi kujifunga kila mara unapopima, hapo valvu inazama. Siku utakayofungua hedi kwa sababu yoyote, mpe mchongaji aweke viti vigumu. Usiliuze gari la mzee kwa ajili hiyo.

Starlet_ya_Gede

Maashallah fundi. Ningekuwa na wewe mapema. Kuna gereji moja, siitaji, niliwapa gari kwa shida ya kuzima likiwa la moto, wakanibadilishia kabureta nzima wakaweka ya gari jingine. Tangu hapo likawa linakula petroli na shida ikabaki ile ile. Nilihangaika miezi. Mwisho mzee mmoja aliyestaafu ndiye aliyenionyesha, ilikuwa ni bomba la petroli lililokuwa limeegemea egzosi. Alilisogeza kwa mkono akalifunga kwa waya. Hakutaka hata pesa, aliomba apande tu mpaka Gede msikitini.

Safari_ya_Pasaka

Wakuu, kwa wanaodharau magari ya nguvu ndogo, naomba nikumbushe historia yetu wenyewe ya Afrika Mashariki.

Safari Rali ilianza mwaka 1953, wakati wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa pili, na ndiyo maana mwanzo iliitwa Coronation Safari. Magari ya mwanzo kung'ara ni Volkswagen, ile ya mgongo wa kobe. Ilishinda 1954, ikashinda 1957, na mwaka 1962 Tommy Fjastad akashinda na Volkswagen 1200, gari ambalo likitoka dukani lilikuwa na nguvu farasi 34, sawa kabisa na Roho ya mwenzetu! Baadaye wakaja akina Peugeot 404: 1963, 1966, 1967, 1968. Mwaka 1963 magari yaliyomaliza ni 7 tu, na 1968 tena 7. Matope yalimeza wenye nguvu, waliofika ni magari ambayo hata baba zetu waliendea sokoni.

Na Renault 4 yenyewe isidharauliwe. Kwenye Paris–Dakar ya 1980 ndugu wawili Wafaransa, akina Marreau, walimaliza wa tatu upande wa magari wakiwa na Renault 4 iliyofanyiwa kazi ikawa inavuta tairi zote nne. Mbele ya magari makubwa ya jangwani!

Mimi nilikuwa mtoto, mjomba alitupeleka kusimama kando ya njia kutazama yakipita. Kilichonibakia mpaka leo ni kwamba gari lililopita lilifanana na la jirani yetu. Siku hizi mtoto akitazama rali haoni gari analolijua.

GiaYaTatu

Mkuu hiyo ya 1962 umenipa nguvu mpya. Farasi 34 zimeshinda Safari! Naichapisha naibandika ukutani.

Mokowe_Jeti

Nawasoma kutoka Lamu. Sisi kisiwani mambo ya magari ni machache mno, mjini ni punda na miguu, gari unaliacha Mokowe jetini unapanda boti. Lakini nawaelewa vizuri mnachosema, kwa sababu mimi nina mashua yenye injini ndogo ya dizeli, silinda moja. Wenzangu wamefunga zile za nje za farasi 40, 75, wanapita wananimwagia maji. Mimi nasoma mkondo. Maji yakitoka nangoja, yakijaa nakwenda nayo, na nafika Matondoni na petroli ya mwenzangu imeisha.

Sasa nataka kuuliza. Lami ya Garsen–Witu mpaka Mokowe imetengenezwa. Je, gari kama la kwako linaweza kuja huku? Ningependa kuliona. Nitakuchukua jetini mwenyewe.

GiaYaTatu

Sheikh wangu, mwaliko nimeupokea kwa mikono miwili. Linaweza, barabara ni tambarare karibu yote na hilo ndilo linalotakiwa na gari la nguvu ndogo. Pwani yetu yote ni nchi ya magari haya, watu wa bara wenye milima ya kwao ndio wenye kazi. Nitakuja kaskazi ikianza kulegea, nije na upepo wa ubavu badala ya upepo wa mbele. Nitatoka alfajiri ili nifike jetini jua likiwa bado juu, maana sharti langu la usiku halina safari maalumu.

KijanaWaBarani

Kaka GiaYaTatu, mimi nina miaka ishirini na tatu, nafanya kazi hotelini. Nimesoma uzi wote mara mbili. Nataka gari la namna hii la kwanza kwangu. Naweza kuagiza kutoka nje? Na nikiona la hapa hapa, nitazame nini? Sitaki kuibiwa.

GiaYaTatu

Mdogo wangu, kuagiza sahau. Kenya gari lililozidi miaka minane haliruhusiwi kuingia kama la kutumia. Yaliyopo nchini ndiyo haya haya, na kila linalokatwa kuwa vyuma chakavu halirudi tena. Kwa hiyo ukilipata, jua unaokoa kitu.

Mambo ya injini yasikutie hofu. Renault 4 ilitengenezwa tangu 1961 hadi miaka ya tisini, Ufaransa na nchi nyingine, jumla zaidi ya milioni 8. Vipuri vyake bado vinatengenezwa Ulaya, vinaagizwa, vinafika. Injini ikivuta moshi, inafunguliwa. Giaboksi ikilia, inafunguliwa. Kinachoua magari haya hapa pwani ni kutu peke yake. Ukipenda gari kwa rangi umekwisha, kwa sababu rangi mpya ndiyo inayofichia kutu.

Nenda mchana, jua likiwa kali, na bisibisi na kipande cha boksi cha kulalia. Inua makapeti yote, mbele na nyuma. Ukikuta limepakwa lami nyeusi upya mahali pamoja tu, gonga hapo kwa mpini wa bisibisi. Sauti ikiwa kali, chuma kipo. Ikiwa butu, chini yake ni faiba na magazeti. Halafu ulale chini utazame pale vile vyuma vya kujipinda vinaposhika sakafu, nyuma na mbele. Hapo pakiwa pameliwa, ondoka, hata kama bei ni ya bure, kwa sababu siku moja tairi la nyuma litapanda ndani ya gari. Tazama pia pembe za chini za kioo cha mbele na mstari wa mvua juu ya milango.

Muulize mwenyewe gari limelala wapi. La Malindi mbele ya bahari ni tofauti kabisa na lililolala Langobaya au Kakuyuni, huko ndani hewa ni kavu. Ukipata la ndani, hata kama bodi imebonyea, bora hilo. Hakikisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma ndiyo iliyoandikwa kwenye logibuku, herufi kwa herufi. Uliendeshe likiwa baridi, usikubali ulikute limeshawashwa.

Ukishalinunua, kila ukirudi kutoka ufukweni lioshe chini kwa maji baridi ya mfereji, yale ya Baricho, usitumie ya kisima. Kila mwaka kabla ya masika lipulizie oili chafu ndani ya chasisi na ndani ya milango. Litanuka wiki moja, vumilia.

KijanaWaBarani

Kuna moja nimeliona Kakuyuni, liko chini ya mwembe, rangi ya bluu imefifia, lina namba za zamani za herufi tatu. Mwenyewe ni mama mzee, anasema liliendeshwa na mumewe mpaka alipofariki. Bei hatujaongea.

Fundi_Maweni

Usiende peke yako. Jumamosi asubuhi nina nafasi, nitakuja na jeki, betri na galoni ya petroli safi. Usijaribu kuliwasha kabla sijafika. Lililokaa muda mrefu, kwanza tunatoa plagi, tunadondoshea oili kidogo kila silinda, tunaizungusha injini kwa mkono taratibu mpaka ilegee. Ukilivuta kwa stata likiwa kavu utakwangua silinda. Na petroli iliyomo kwenye tangi tutaimwaga yote, imeshakuwa gundi.

GiaYaTatu

Nami nakuja, nina pointi za akiba na kondensa. Muamkie mama kwa heshima, umuulize kama bado ana logibuku na funguo za pili. Na kijana, ukitangulia kufika, leta humu picha ya sakafu kwanza. Za bodi baadaye.